La Mgambo Lilipolia Liuli

Wahenga walisema kuwa la mgambo likilia lina jambo. Usemi huu ulitoka katika miji ambayo baragumu halikupulizwa bure. Sauti yake iliposikika, mkulima aliacha jembe, mvuvi alivuta nyavu zake, na watu wote wakaenda kusikiliza. Nguvu ya mgambo ilitokana na imani ya wasikiao kuliko ukubwa wa sauti yenyewe. Maana baragumu lililolia mara kumi pasi na jambo, mara ya kumi na moja huwa kelele tu. Ushahidi wa neno hili u wazi katika miji ya leo, ambamo magari hutiwa ving'ora vya kuwatisha wezi. King'ora hulia kwa kuwa paka amerukia boneti, au lori zito limepita, au mpira wa watoto umegonga mlango. Basi usiku ule mwizi ajapo kwa kweli na kuvunja kioo, majirani hujigeuza upande wa pili wa kitanda, na mwenye gari mwenyewe humlaani paka. Asubuhi watu wote hucheka, isipokuwa mmoja.

Kisa cha namna hiyo hiyo kimo katika historia ya Liuli, pwani ya mashariki ya Ziwa Nyasa. Chombo kilichovunjwa huko kilikuwa meli badala ya gari, na mwizi alikuja mchana kweupe, akipiga mzinga. Hata hivyo mwenye chombo alidhani kuwa ni mzaha. Wanahistoria wengi wamekisimulia kisa hicho kwa kicheko. Nacho kinachekesha kweli. Walakini kicheko hicho chafaa kupimwa, ili ijulikane ni cha nani, na nani alikilipia.

Liuli iko kati ya Manda upande wa kaskazini na Mbamba Bay upande wa kusini. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Zama za utawala wa Wajerumani bandari hiyo iliitwa Sphinxhafen, maana wageni hao waliona mwamba mkubwa ukingoni mwa ziwa, wakaufananisha na sanamu ya Misri yenye kiwiliwili cha simba na kichwa cha mtu. Wenyeji walikuwa na jina lao na kumbukumbu zao za mwamba huo: wanauita Pomonda, na husimuliwa kwamba katika mapango yake watu walijificha wakati wa mashambulio ya vita. Hivyo mwamba uliomkumbusha mgeni sanamu, kwa mwenyeji ulikuwa kimbilio. Watu wa pwani hiyo walikuwa wameujua mgambo wa kweli zamani kabla ya mwaka 1914.

Katika bandari hiyo Wajerumani waliweka meli yao, Hermann von Wissmann. Meli hiyo iliundwa Hamburg, ikaletwa vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1893. Fedha zake zilichangwa Ujerumani kwa nia iliyotangazwa ya kupiga vita biashara ya utumwa, na jina lake lilikuwa la yule afisa aliyevunja upinzani wa Abushiri huko pwani ya bahari mwaka 1889. Waingereza nao walikuwa na Gwendolen, meli kubwa zaidi, iliyoshushwa ziwani mwaka 1899, na makao yake yalikuwa Fort Johnston, ambayo leo ni Mangochi.

Nahodha wa Gwendolen alikuwa Rhoades, Mwingereza aliyelijua ziwa lile sana, kwa kuwa alishiriki katika kulipima na kulichora mwanzoni mwa karne ya 20. Nahodha wa Wissmann alikuwa Berndt, Mjerumani. Wawili hawa walikuwa marafiki. Kila walipokutana bandarini walikula pamoja na kunywa pamoja, kama wafanyavyo watu wa kazi moja walio mbali na kwao. Katika ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 500, watu waliokuwa wakiielewa kazi ya kila mmoja wao walikuwa wachache mno. Hata urafiki wao ukashinda tofauti ya bendera.

Tarehe 4 Agosti 1914 Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Habari hiyo haikusafiri kwa mwendo mmoja pande zote za ziwa. Upande wa Nyasaland kulikuwa na waya wa simu tangu miaka ya 1890, na Waingereza walipata habari upesi. Upande wa Wajerumani mambo yalikuwa mengine. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo. Mwizi hodari huanza kwa kukata waya wa king'ora. Siku 5 baadaye, katika Liuli, Berndt alikuwa bado hajui kwamba kuna vita duniani. Meli yake ilikuwa imepandishwa juu ya chelezo, ikifanyiwa matengenezo, kama gari lililovuliwa magurudumu.

Tarehe 13 Agosti Rhoades alitokea mbele ya bandari, akiwa na amri ya kuiondolea Wissmann uwezo wa kupigana. Gwendolen ikafungua mzinga. Husimuliwa kwamba mzinga wenyewe ulikuwa mdogo na baruti yake ya zamani, na kwamba makombora kadhaa yalikwenda upande hata moja likaipata meli. Ndipo Berndt alipoingia katika kimashua kidogo, akaiendea Gwendolen kwa hasira nyingi. Hakuja kusalimu amri, maana hakujua kuwa ana adui. Alikuja kumkemea rafiki yake, akamwuliza kama amelewa hata achezee silaha namna hiyo. Rhoades alimpandisha melini, akampa habari za vita, kisha akamtia mbaroni. Waingereza wakashuka pwani, wakaondoa vyuma vya lazima katika injini ya Wissmann, wakaenda zao navyo.

Hapana shaka kwamba jambo hili lachekesha. Gazeti la Times la London lililitangaza kama ushindi wa majini, na mara nyingi hutajwa miongoni mwa ushindi wa kwanza wa majini wa vita vile; ushindi juu ya meli isiyokuwamo majini, iliyokuwa na nahodha asiyejua kuwa anapiganwa. Hata hivyo si haki kumwita Berndt mjinga. Alisikia mgambo, akaupima kwa kipimo alichokuwa nacho. Alimjua mpigaji, alimjua kuwa rafiki na mpenda kinywaji. Kwa mtu asiye na habari nyingine, ulevi ulikuwa maelezo ya busara kuliko vita. Mwenye gari amlaaniye paka hutenda vivyo hivyo: huamini jambo alilolizoea, na aghalabu huwa amesema kweli. Siku ile moja tu ndiyo humponza.

Lakini kisa kama kinavyosimuliwa kina majina mawili tu, ya manahodha wawili. Pwani ya Liuli ilikuwa na watu. Walikuwako waliovuta ile meli chelezoni, waliokata kuni za injini yake, na waliosikia makombora yakipita karibu na nyumba zao. Hao hawakuwa na sababu ya kudhani kuwa mzinga ni mzaha wa mlevi. Miaka 8 tu ilikuwa imepita tangu Februari 1906, wakati viongozi wa Kingoni, akiwamo Nkosi Mputa Gama, waliponyongwa mjini Songea katika Vita vya Maji Maji, na baada ya vita hivyo njaa kubwa iliipiga nchi. Kama yeyote pwani aliuelewa mgambo ule mara moja, yamkini ni wao. Wala hakuna aliyewauliza.

Matokeo nayo hayakuwa ya kuchekesha. Kwa kuwa Wissmann ilikuwa imelemazwa, Waingereza waliweza kupeleka askari wao kwa meli hadi Karonga, kaskazini ya ziwa, na huko tarehe 9 Septemba 1914 vilipiganwa vita vilivyoua watu wengi kwa kadiri ya majeshi madogo yaliyokutana. Tarehe 30 Mei 1915 meli za Kiingereza zilirudi Liuli chini ya kamanda mwingine, Dennistoun, zikateremsha askari na kuipasua Wissmann kwa baruti, isije ikatengenezwa tena. Safari hiyo hapana aliyeuliza kama mtu amelewa. Kisha vita viliendelea hadi mwaka 1918, na mzigo wake mkubwa ulibebwa na wapagazi, ambao Nyasaland waliitwa tengatenga. Waliokufa katika kazi hiyo upande wa Waingereza peke yake, katika Afrika ya Mashariki nzima, hukadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeupiga mgambo mapema. Novemba 1914, baada ya vita vya Karonga, mchungaji John Chilembwe wa Chiradzulu aliandika barua kwa gazeti la Nyasaland Times, akilalamika kwamba Waafrika wanatakiwa kumwaga damu katika ugomvi wasioujua chanzo chake. Serikali ililizuia toleo hilo la gazeti. Januari 1915 Chilembwe aliongoza uasi, na mwanzoni mwa Februari akauawa. Berndt aliusikia mgambo asiuamini, kwa kuwa hakuwa na habari. Watawala wa Nyasaland waliusikia, wakauelewa barabara, wakauziba mdomo. Kosa la kwanza hustahili kicheko; la pili halistahili.

Baada ya vita Wissmann iliibuliwa, ikatengenezwa, ikapewa jina la King George V, mfalme wa wale walioiharibu. Kama gari la wizi lililobadilishwa rangi na namba, ilirudi kazini katika maji yale yale, mbele ya pwani ile ile. Jina la Sphinxhafen lilikwenda na waliolileta. Liuli ilibaki na jina lake, na mwamba wa Pomonda ulibaki ukingoni mwa ziwa, mahali ambapo watu walikimbilia kila mgambo ulipolia, bila kungoja kuambiwa kama ni wa kweli.