Usiku ambao Albert Jones hakuona kitu

Mhariri wangu ana msemo wake: "Kama hukuona kitu, huna habari." Nimefanya kazi chini ya msemo huo kwa miaka mitatu na sikuwahi kuubishia. Wiki hii nimeanza kuubishia, wadau, na aliyenipa jeuri hiyo ni mzee mmoja wa Nyuzilandi, sasa marehemu.

Aliitwa Albert Jones, aliyezaliwa 1920 na kufariki 2013. Hakuwa profesa. Alifanya kazi kwenye kinu cha nafaka, akamiliki duka la vyakula, akaunganisha magari kiwandani. Usiku alitoka nje na darubini aliyojitengenezea mwenyewe, yenye kioo cha upana wa sentimita 32 hivi, akapima nyota ambazo mwanga wake hupanda na kushuka.

Kupima kwenyewe si uchawi. Unatafuta jirani na nyota yako nyota mbili ambazo mwangaza wake unajulikana, moja kali zaidi na nyingine hafifu zaidi, kisha unakadiria yako imeangukia wapi kati yao. Kama ziko namba 8 na 9 na yako iko katikati, unaandika 8.5, pamoja na tarehe na saa. Kumbuka tu kwamba hesabu hii inakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Jones aliandika namba za aina hiyo zaidi ya 500,000 maishani mwake. Nusu milioni!

Sasa twende Februari 23, 1987. Saa 4:35 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, mitambo iliyofukiwa chini ya ardhi Japani na Marekani ilinasa chembe chache ziitwazo nyutrino. Zilitoka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka ya mwanga 168,000 hivi. Moyo wa nyota moja kubwa huko ulikuwa umeporomoka. Siku hiyo hakuna aliyejua. Kumbukumbu za mitambo zilikuja kupekuliwa baadaye.

Nyuzilandi ulikuwa usiku. Saa moja na dakika arobaini na kitu baada ya nyutrino kupita, Jones alitazama eneo lile lile la anga. Akaona nyota zake za kila siku. Kama kungekuwa na kitu kipya kilichofikia namba 7.5, angekiona. Hakukuwa na kitu, na saa ya kutazama ilikuwa imeandikwa.

Usiku uliofuata Ian Shelton aliikuta nyota mpya kwenye picha aliyopiga kwa darubini ndogo huko Las Campanas, Chile. Oscar Duhalde, aliyekuwa kazini mlima huo huo, alikuwa ameiona kwa macho matupu. Jones naye akaiona saa chache baadaye, bila kujua habari za Chile. Ikaitwa SN 1987A.

Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuuliza: mshtuko ulichukua muda gani kutoka moyoni mwa nyota hadi kwenye uso wake? Nyutrino hupenya na kutoka mara moja, lakini mwanga wa mlipuko husubiri mshtuko ufike juu. Australia, Robert McNaught alikuwa amepiga picha ya eneo hilo saa tatu hivi baada ya nyutrino, na ilipokuja kuchunguzwa nyota ilikuwemo, tayari karibu na namba 6. Kwa hiyo kabla ya saa mbili, bado. Ndani ya saa tatu, tayari. Mshtuko haukuwa na safari ndefu, na hilo liliafikiana na nyota iliyolipuka, ambayo ilikuwa kubwa ya buluu na iliyoshikamana. Ingekuwa jitu jekundu lililovimba, muda ungekuwa mrefu zaidi.

Upande mmoja wa hesabu hiyo unashikiliwa na mtu ambaye hakuona kitu.

Nyota iliendelea kung'aa hadi Mei 1987, ikafika karibu namba 3. Hata Dar es Salaam ingeweza kuonekana, chini upande wa kusini. Nimemuuliza baba, aliyekuwa kijana hapa mjini mwaka huo. Anakumbuka foleni za sukari. Habari za nyota hakuna aliyemwambia. Baadaye mwanga ukaanza kufifia kwa mwendo wa kobalti-56, ambayo nusu yake hugeuka chuma kila baada ya siku 77. Ndivyo namba za mwangaza zilivyoonyesha kwamba nyota zinapolipuka hutengeneza chuma.

Kwa nini nayaandika haya? Mwaka jana nilitumwa kwenye daraja dogo nje ya mji, watu wakidai lina ufa. Nilifika, nikachungulia, sikuona ufa, nikapanda daladala nikarudi. Sikuandika hata mstari. Miezi miwili baadaye mvua ikalibomoa, na ubishi ukawa ufa ulianza lini. Mimi nilikuwepo! Lakini sikumbuki tarehe, wala nilichungulia upande gani. Ushahidi wangu haukumsaidia mtu.

Jumamosi nilipita kwenye daraja jingine, njia ya nyumbani kwetu. Nikatoa daftari: tarehe, saa 11:10 jioni, nguzo zote nne, pande zote mbili. Sikuona ufa.