Drepanositozi: mtoto anaumia mifupa, mzazi anaumia moyo

Wengi wanaijua kwa jina fupi: SS. Drepanositozi ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu zinajipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na mtoto anashikwa na maumivu makali ya mifupa. Kongo, pamoja na Nigeria na India, ni kati ya nchi ambako watoto wengi zaidi duniani wanazaliwa nao. Lakini mzigo wa moyoni hauzungumzwi sana.

Upande wa mtoto

Anakosa masomo mara kwa mara. Wenzake wanamcheka juu ya macho ya manjano, wengine wanamuita mvivu. Akikomaa kidogo anasikia watu wakisema watoto wa SS hawazeeki, na anaanza kuogopa kila usiku. Ajue hivi: akifuatwa vizuri na waganga, anaweza kusoma, kufanya kazi na kuwa na familia. Tena wasiwasi wenyewe, sawa na baridi, uchovu na kukosa maji, unaweza kuamsha maumivu.

Upande wa wazazi

Usiku wa baridi wa Butembo ao Goma, mama halali. Pesa ya nyumba inaishia kwenye damu na dawa. Halafu familia ya bwana inamwambia: "Kwetu hakunaka hii ugonjwa." Wengine wanataja uchawi, na ndoa inavunjika.

Ukweli ni kwamba SS inatoka kwa wazazi wote wawili. Mara nyingi wote ni AS, wazima kabisa, na hawajui. Hapo kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya kuzaa mtoto wa SS. Kipimo cha elektroforezi kinaonyesha hali ya kila mmoja. Hakuna mkosaji.

Cha kufanya

Baba na mama wakeshe kwa zamu. Mwalimu aelezwe. Huzuni, kukosa usingizi ao kukataa chakula kukipita wiki mbili, mwambie muuguzi ile siku unamleta mtoto. Mtoto akisema "heri nife", usimwache peke yake; mpeleke siku hiyohiyo.

Kwa magonjwa ya moyo na akili kuna Sosame kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma. Kufika pale si wazimu. Mzazi mwenye kutunzwa naye anapata nguvu ya kutunza.