Mzigo wa Mgongoni na Mzigo wa Keria

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi juu ya baiskeli, shanta limemlalia mgongoni na ndani yake mna viatu vya ofisini, chakula cha mchana na makabrasha ya kazi, aghalabu hakumbuki kwamba anapita katika kambi ya wabeba mizigo. Maana mtaa ule ulilipata jina lake katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 na kuweka pale wachukuzi wa jeshi lao, Carrier Corps, jina ambalo ndimi za wenyeji zililainisha likawa Kariakoo, kama ndimi za Nairobi zilivyolifanya kuwa Kariokor. Wale walibeba kwa kulazimishwa, na wengi wao hawakurudi makwao. Huyu wa leo hubeba kwa hiari, na ukimwuliza sababu atakwambia kwamba anatafuta siha.

Kabla ya vita hivyo, katika karne ya 19, hapakuwa na gurudumu wala mnyama wa kutegemewa katika njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji. Mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi, na njia yenyewe ilikuwa ujia mwembamba ambao watu wawili hawapiti sambamba; kwa hiyo merikani, shanga na nyaya zote zilizokwenda bara, na pembe zote zilizoteremka pwani, zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wanadamu. Mzigo wa mpagazi ulihesabiwa kwa frasila, kipimo cha ratili 35, nazo ni kama kilo 16, na desturi ilikuwa mtu abebe frasila mbili au zaidi kidogo, mbali na mkeka wake, chombo chake cha kupikia na silaha yake. Katika wote walioishi kwa kazi hii Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wengine, kwa kuwa kwao upagazi haukuhesabiwa kuwa udhalili bali kipimo cha uanaume. Naye Richard Burton, aliyepita katika nchi yao mwaka 1857, ameeleza kwamba watoto wao wa miaka sita au saba walikuwa wakibeba kipembe kidogo begani, mfano wa watoto wa pwani wachezavyo na vingalawa.

Nguvu peke yake haikutosha katika kazi ile. Elimu yake kubwa ilikuwa kujua mzigo ukae wapi na ufungwe namna gani, na elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu chochote bali ilirithiwa. Robota la nguo lilifungiwa vijiti virefu vilivyochomoza chini yake, ili mpagazi apumzikapo aliegemeze mtini likiwa limesimama, asije akainama kuliokota tena kutoka ardhini. Mzigo wa kichwani ulitiliwa kata. Mizigo miwili iliyolingana ilining'inizwa katika ncha mbili za mti mmoja, ikawa mzega, na mchukuzi akawa kama mizani itembeayo. Mahamali wa Unguja, waliopakua majahazi, walijua hayo hayo kwa njia yao. Hata hivyo bega liliota sugu, na uti wa mgongo ulilipa kodi ambayo tajiri wa msafara hakuiandika katika daftari lake.

Reli iliukata upagazi wa masafa marefu: ile ya Mombasa iliyofika ziwani mwaka 1901, na ile ya Dar es Salaam iliyofika Kigoma mwaka 1914. Lakini reli haifiki mlangoni kwa mtu. Aliyefika mlangoni ni baiskeli, chombo kilichokuwa kimekamilika umbo lake si muda mrefu kabla ya hapo, kwani John Kemp Starley wa Coventry alitengeneza ile yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa nyuma mwaka 1885, na John Boyd Dunlop akaipatia mpira wa upepo mwaka 1888. Kwetu ilianza kuwa fahari ya wamisionari, makarani, walimu na matarishi. Kisha ikashuka, au niseme ikapanda, ikawa chombo cha mkulima na mchuuzi. Na kitu kilichoibadili kutoka fahari kuwa riziki ni keria, kile kichanja cha chuma juu ya gurudumu la nyuma, ambacho sijaona bado mshairi wa kukisifu ipasavyo. Juu yake yamekwenda magunia ya mkaa, matenga ya kuku, mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa na majeneza. Na huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, keria ilitandikwa mto, abiria akapakiwa, na boda boda ikazaliwa.

Sababu ya uwezo huo ni kwamba atembeaye huuinua mwili wake na mzigo wake kidogo kwa kila hatua na kuushusha tena, ilhali gurudumu haliinui kitu katika tambarare, bali huviringika tu. Imepimwa kwamba mtu juu ya baiskeli hutumia kama sehemu moja ya tano ya nguvu ambazo angezitumia kwa miguu kwa masafa yale yale. Wapo lakini watembeao waliopunguza gharama ya mzigo wenyewe kwa ufundi. Mwaka 1986 Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha vipimo vya akina mama wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, vikionyesha kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzani wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Na uchunguzi wa mwaka 1995 ukaeleza kwamba mwendo wao ni kama wa bembea, ambayo kila ishukapo huweka akiba ya kupandia tena. Wengine waliopima wanawake wa Afrika Kusini hawakuyakuta hayo, na mjadala haujafungwa.

Sasa tumtazame tena yule wa shanta. Ameketi, kwa hiyo hana hatua ya mama wa Kikuyu wala bembea yake. Ameinama mbele, kwa hiyo kanda humvuta mabega na shingo, na uzani uliopaswa kulala juu ya chuma humkandamiza kiunoni, katika viganja na juu ya tandiko. Mgongo wake hauna pa kupitishia upepo, akafika kazini shati limelowa. Na uzito ukiwa juu, baiskeli huyumba apindapo kona. Atasema kwamba taabu hiyo ndiyo mazoezi. Na tuhesabu basi. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 20, akichukua shanta la kilo 9, huzidisha kazi ya kupanda mlima kwa sehemu moja ya kumi. Moyo na mapaja yatajua. Lakini mlima hauulizi mzigo umewekwa wapi: zile kilo 9 zikifungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, faida ya moyo na mapaja ni ile ile, na kinachopungua ni maumivu ya kiuno tu.

Ama faida yenyewe haina shaka, nayo hutokana na kukanyaga pedeli. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris alionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London, walioketi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makondakta wao, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tiketi. Na mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walipofuatilia habari za watu zaidi ya laki mbili na nusu wa Uingereza, walikuta kwamba waendao kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41, katika miaka ile ya uchunguzi, kuliko waendao kwa gari au basi. Hakuna aliyewapima mashanta.

Baiskeli nyingi ziitwazo za milimani, ambazo vijana wa maofisini huzipenda kwa umbo lake, huuzwa bila keria, kana kwamba mnunuzi hatabeba kitu maisha yake yote. Wewe uendaye kununua ya kuendea kazini, usitoke dukani bila kuidai. Na wakikosa, fundi wa chini ya mwembe atakufungia kabla chai yako haijapoa.