Upimaji wa Mafuta ya Transfoma katika Uwanda wa Ufipa

Kwa miaka mingi Mkoa wa Rukwa umepata umeme kutoka nchi jirani ya Zambia, kupitia njia ya msongo wa kilovolti 66 inayotoka Mbala hadi Sumbawanga. Mkoa ulio mwishoni mwa njia ndefu kama hiyo hauna nafasi kubwa ya kupoteza transfoma, na uhai wa transfoma hutegemea mafuta yaliyomo ndani yake.

Mafuta hayo hufanya kazi mbili: hupoza nyaya na huzuia umeme usiruke kutoka sehemu moja hadi nyingine. Adui yake mkuu ni maji. Transfoma yenye kipumulio huvuta hewa kila mafuta yanaposinyaa kwa baridi ya usiku, na Ufipa, iliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, haikosi baridi. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa hiyo huwa na unyevu wa mvua. Chembechembe za silika kwenye kipumulio hunyonya unyevu huo. Zikigeuka kutoka buluu kuwa waridi, zimechoka na hazina budi kubadilishwa.

Sampuli huchukuliwa kwenye koki ya chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, na kamwe si wakati wa mvua. Mafuta ya mwanzo humwagwa kwenye chombo cha taka, kisha chupa safi na kavu hujazwa. Chupa yenye jasho la mkono wa fundi huweza kuihukumu transfoma isiyo na kosa.

Katika kipimo cha uwezo wa kuhimili umeme, mafuta huwekwa kati ya ncha mbili zilizoachana milimita 2.5. Msongo hupandishwa kilovolti 2 kila sekunde hadi cheche iruke. Zoezi hurudiwa mara sita na wastani kuchukuliwa. Vipimo vingine hutafuta tindikali na gesi zilizoyeyuka. Asetilini, kwa mfano, huashiria cheche kali ndani ya mashine ambayo kwa nje inaonekana nzima.

Mafuta yenye maji huweza kuchujwa na kukaushwa. Karatasi iliyozungushiwa nyaya ikishaoza haifufuki, na ndiyo maana kusubiri hitilafu ni gharama.

Lipo pia suala la wizi. Wapo wanaoiba mafuta haya na kuyauza, hata kwa kukaangia vyakula. Transfoma iliyokaushwa mafuta huungua, na zahanati hubaki gizani. Mlaji naye yuko hatarini, kwani mafuta ya transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali za PCB, ambazo huhusishwa na saratani. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama, ulizitaka nchi kuondoa matumizini vifaa vyenye kemikali hizo ifikapo mwaka 2025. Hivyo mafuta ya transfoma kuukuu hupimwa PCB kabla ya kuhamishwa.