Msumeno wa mnyororo wa umeme

Msumeno wa mnyororo wa umeme ni mashine ya mkono ya kukatia miti, ambayo mota yake huzungusha mnyororo wenye meno kando ya bapa refu la chuma. Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza wa aina hii mwaka 1926, mashine nzito iliyoshikwa na watu wawili. Ya leo hushikwa na mtu mmoja, ya waya au ya betri, na hutumika zaidi nyumbani: kupunguza matawi ya mwembe, kukata kuni, kufupisha magogo.

Kwa kuwa haitoi moshi wala kishindo cha injini, wengi huidhania kuwa haina madhara makubwa. Dhana hiyo ni ya hatari. Injini ya petroli hunguruma kwanza na kumtahadharisha aliye karibu. Mota ya umeme iko kimya mpaka swichi ibonyezwe, na papo hapo mnyororo unakata. Kwa hiyo plagi huchomolewa, au betri hutolewa, kila mkono unapokaribia mnyororo, hata kama ni kwa kutoa kijiti kilichokwama.

Usalama huanzia kwenye makali. Mnyororo mkali hutoa chenga za mbao na kuingia mtini wenyewe. Uliobutuka hutoa unga, hufuka moshi, na humlazimisha mkataji kuuegemea kwa uzito wa mwili, hivyo tawi likikatika ghafla naye huyumba pamoja na mashine. Kunoa hufanywa kwa tupa ya duara, mara nyingi ya milimita 4 kwa minyororo midogo, kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi au kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Kila jino lipigwe tupa mara sawa, la sivyo msumeno hukata kwa kupinda. Kinundu kilicho mbele ya jino ndicho kinachopima kina cha kila mkato. Nacho hupunguzwa kadiri jino linavyoisha, lakini kikipunguzwa mno jino hudaka mti kwa nguvu na mashine hurukaruka.

Mnyororo uliokazwa vizuri hugusa bapa upande wa chini na bado huzunguka ukivutwa kwa mkono uliovaa glavu. Hurefuka ukipata moto. Ukikazwa ungali na moto, sharti ulegezwe baada ya kazi, maana ukipoa hujifinya. Oili ya mnyororo hunata na haimwagiki ovyo. Oili chafu ya gari, ambayo watu huipaka mbao kuzuia mchwa, haifai hapa: ina chembe za chuma zinazolila bapa, na humchafua mkataji.

Ajali inayoogopwa zaidi ni msumeno kurukia nyuma. Hutokea sehemu ya juu ya ncha ya bapa inapogusa mti, au mti unapoubana mnyororo. Mashine hupaa kuelekea usoni haraka kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Kinga yake ni mikono miwili, vidole gumba vikizunguka mishikio, kusimama kidogo kando ya mstari wa mkato, na kutokata juu ya mabega wala ukiwa kwenye ngazi. Breki ya mnyororo ijaribiwe kabla ya kazi. Miwani, buti na kinga ya masikio ni lazima. Suruali maalumu yenye nyuzi za kukwamisha mnyororo husaidia, ila mota ya umeme huendelea kusukuma hata ikipunguzwa mwendo, hivyo isitegemewe peke yake.

Waya wa kuongezea uwe mnene wa kutosha na ukunjuliwe wote. Mwembamba na mrefu hupoteza volti, nao ukibaki umeviringishwa huweza kuyeyuka. Upitishwe nyuma ya mkataji, mbali na mnyororo, kupitia kifaa kinachokata umeme ukivuja hadi miliampea 30. Mvua ikianza, kazi inasimama. Mota ikitoa cheche nyingi au kukosa nguvu, fundi akague kaboni zake.

Tawi lililo karibu na nyaya za barabarani liachwe kwa shirika la umeme. Plastiki inayofunika mashine humkinga mtu na umeme wa mota tu, si wa waya ulioangukiwa na tawi bichi.