Mzazi Akisema "Imetosha", Sheria Yetu Inasema Nini?

Jimbo la Victoria kule Australia, tangu 2019, mgonjwa asiye na tumaini la kupona anaweza kuomba daktari amsaidie kufa, na watoto wake wakae naye. Uholanzi waliruhusu 2002. Wasee wengi wameona video hizo, na swali huwa lile lile: na huku kwetu je?

Huku, ukimsaidia mzazi kufa, hata kama ni yeye ameomba, unaweza kufungwa maisha. Hicho ni kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu, sheria iliyoanza 1930 chini ya Muingereza. Baraza la kutunga sheria lilipata Mwafrika wa kwanza 1944, kwa hivyo usiniambie eti hii ni mila yetu. Turkana yenyewe serikali iliiona kama mahali pa kutupa wafungwa. Ndiyo maana Kenyatta alizuiliwa Lokitaung, halafu Lodwar kuanzia 1959.

Kifungu jirani, 226, kilimshtaki mtu aliyejaribu kujiua akaponea. Waingereza walifuta sheria kama hiyo kwao 1961. Sisi tuliibeba hadi Januari 2025, Mahakama Kuu iliposema inakiuka Katiba. 225 bado iko palepale.

Lakini hapo si ndipo story iko. Kuna historia nyingine, ya maumivu, na hiyo ndiyo inagusa mtu wa Kakuma.

1967, Cicely Saunders alifungua hospisi London kwa wazo moja: asiyeweza kupona bado anaweza kutibiwa uchungu. Nairobi Hospice ikaanza 1990. Daktari Anne Merriman alifanya kazi hapo, kisha 1993 akaenda Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya maji ilikuwa dawa ya mgonjwa kunywa akiwa kwake nyumbani. Kufikia 2004 Uganda iliruhusu manesi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Manesi! Kwa sababu daktari hafiki kila kijiji.

Sheria yetu ya Afya ya 2017 inataja tiba shufaa, yaani hiyo ya kutuliza, kama sehemu ya haki ya afya. Pia inampa mgonjwa haki ya kukataa matibabu. Kwa hivyo mzee akisema hataki tena kupelekwa Eldoret, hajiui, na wewe unayemuunga mkono huvunji sheria. Shangazi watasema mmemwacha afe. Wacha waseme, lakini kaa nao chini muwaelezee.

Sasa angalia ramani. Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120, na Eldoret bado iko mbali sana, kupitia Kitale. Kambini ni ngumu zaidi: Kakuma ilianza 1992, na kuna wazee wanaougua huku watoto wao wako Marekani, wanatuma pesa na kuamua mambo kwa simu, na nyumbani kwa kuzikwa ni nchi nyingine.

Maoni yangu? Siwezi kujadili haki ya kufa na mtu ambaye hajapewa dawa ya uchungu. Anayeomba kufa akiwa analia usiku kucha, hatujui anachagua nini. Mpe mofini kwanza, alale, halafu muulize tena. Ukienda naye hospitali, kabla ya kuuliza atapona lini, uliza kama mofini ipo na ni nani atamwandikia.