Cheti Ukutani: Nani Anaidhinisha Wanaotuhudumia?

Ukishika Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibamba utasoma vibao vya asasi mpaka uchoke: za yatima, za akina mama, za vijana. Ingia kwenye ofisi zao. Hata kama feni hakuna, ukutani kuna fremu yenye cheti cha usajili. Tumekizoea kiasi kwamba hatuulizi kimetokea wapi. Haya, leo tuulize.

Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichagga waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association. Hilo neno "Native", yaani mwenyeji, halikuwa pambo. Walowezi wa kizungu hawakutaka Mwafrika alime kahawa, kwa hiyo familia za wenyeji zilihitaji chombo cha kuzitetea, na kiongozi wao alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1932 ikaja sheria ya ushirika, na msajili wake. Mwaka uliofuata KNCU ikashika nafasi ya chama kile. "Native" ilibaki kwenye jina, lakini sasa kauli ya mwisho ilikuwa ofisini kwa mkoloni.

Mwaka 1954 TANU ilizaliwa, na mwaka huohuo serikali ya Gavana Twining ikatunga Sheria ya Vyama. Kila tawi lilitakiwa kusajiliwa. Jimbo la Ziwa TANU ilizuiwa kufungua matawi hadi 1958. Mnaona ujanja? Huna haja ya kumkamata mtu. Unamnyima karatasi tu.

Uhuru tukapata 1961. Sheria ile je? Ilibaki, wenyewe tukairithi! Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Mwaka 1995 likasajiliwa Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya Profesa Anna Tibaijuka. Mwaka 1996 likasimamishwa kwa madai kwamba linafanya siasa, na 1997 likafutwa, kwa sheria ileile ya 1954. Wenyewe wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi mwaka 2009, miaka 12 baadaye. Mgonjwa kishazikwa, ndipo dawa inafika.

Sheria ya NGO ya mwaka 2002 ilileta msajili wake na cheti chake. Marekebisho ya 2019 yakaweka ukomo: cheti ni cha miaka kumi, baada ya hapo unaomba upya.

Sasa wafikirie Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Wabarabaigi na Wamasai. Asasi zao zinaweza kupata cheti kama nyingine yoyote. Tanzania hata ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili mwaka 2007. Lakini msimamo wa serikali ni kwamba Waafrika wote ni wa asili, hakuna kundi la pekee. Kwa hiyo asasi inatambuliwa, ila sababu iliyoifanya iundwe haitambuliwi.

Msinielewe vibaya, wadau. Sisemi usajili ufutwe. Asasi za mfukoni tunazijua, zile zinazoombea yatima fedha huku yatima hawaioni hata sabuni. Lazima awepo mtu wa kukagua. Ninachosema ni kwamba tangu 1932 mkaguzi anatazama juu, kwa mkubwa wake, wala si chini kwa familia zinazohudumiwa. Cheti kinatuambia serikali inaijua asasi. Hakituambii kama mama wa Kibamba anayepokea msaada anaijua, wala kama aliwahi kuulizwa inafanya kazi gani. Wachagga wa 1925 hawakuhitaji fremu kujua chama chao ni chao.

Tafakari.